Mpishi Asiyejua Kupakuliwa

Ukifiwa huku kwetu Bahati, kabla hata machozi hayajakauka kuna mtu atakuuliza kama Wangare ameambiwa. Jeneza linaweza kungoja, shangazi wa Nairobi anaweza kungoja, lakini Wangare lazima ajue mapema ili aseme ng'ombe achinjwe lini na kuni ziletwe na nani. Matanga bila Wangare ni wali ulioiva nusu na watu kunung'unika nyuma ya hema. Sisi watu wa Bahati tunasamehe mengi, ila chakula kibaya cha matanga tunakikumbuka mpaka na sisi tuzikwe.

Ni mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili ya shamba. Hufunga leso mbili kiunoni, moja ya kazi na moja ya heshima, na akishika mwiko wake hata wazee wa kamati hupunguza maneno. Kuna jambo moja ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelitilia maanani: hakuna siku Wangare alionekana ameketi akila. Alipakulia watu, akasugua sufuria, akaenda zake. Ukimwambia, "Mama Becky, si ukae hata wewe uonje," alicheka na kusema amekwisha kushiba moshi.

Ulevi ulianzia hapohapo motoni. Bahati iko juu na alfajiri yake inang'ata, nao wapishi huwasha moto kabla jua halijatoka. Wanaume wanaopasua kuni huja na chupa ya kuondoa baridi, na kikombe cha chai cha mpishi hutiwa kidogo. Hakuna anayeiita pombe. Inaitwa ya baridi tu. Kwa miaka mingi Wangare aliinywa hiyo ya baridi, moto ukizimwa naye amesahau habari yake.

Kisha akafa Ndung'u, mumewe, fundi wa kinu cha posho. Alikuwa mtu mpole ambaye kila jioni alirudi nyumbani mweupe kwa unga, Wangare akamkung'uta mlangoni huku akimcheka. Siku ya mazishi wanawake wenzake walimwambia, "Leo wacha moto. Keti na msichana wako, sisi tutapika." Akakataa katakata. Alisema Ndung'u hatazikwa kwa wali wa maji. Akafunga leso zake mbili, akapika matanga ya mume wake mwenyewe. Becky, bintiye wa pekee, alitupa mchanga kaburini akiwa amesimama na majirani, maana mama yake wakati huo alikuwa anaonja chumvi. Watu walikula, wakasifu, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba hawajawahi kula pilau kama ile.

Baada ya hapo chupa haikungoja tena matanga. Ilihamia nyumbani. Ilikaa kwanza kwenye debe la unga, kisha kwenye sanduku la vyombo, chini ya sufuria kubwa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuinyanyua. Wangare alikunywa kabla ya chai, halafu akanywa badala ya chai. Harufu aliiua kwa tangawizi, na mtu anayenuka moshi kila siku hachunguzwi sana.

Aliyegundua kwanza ni mke wa mchungaji, ambaye kila mtu humwita Mama Pasta. Alimkuta siku moja ameanguka jikoni, akafunga mlango, akaomba naye mpaka wote wawili wakalia. Wangare hakuwa anaigiza. Alitaka kuacha, na wiki hiyo hakuonja kitu. Basi Jumapili wakamsimamisha mbele atoe ushuhuda.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe ushuhuda ni kitu gani. Mtu akifunguliwa kutoka kwa jambo, husimama mbele ya kanisa akasema alikotolewa, watu wakapiga makofi na kuimba, na kuanzia siku hiyo anakuwa mfano. Ni kitu kizuri, na kimewasaidia wengi. Lakini kumsimamisha mtu aliyeacha pombe wiki hiyohiyo ni sawa na kuepua maharage kwa sababu maji yamechemka. Kanisa lilifanya hivyo kwa upendo mtupu, na hilo ndilo linaloniudhi, maana hata wa kugombeza hayupo.

Becky alikuja kutoka Longonot alikoolewa, akiwa na mumewe Muiruri na mtoto wao Kui, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alikaa mstari wa mbele. Mama yake aliposema, "Nimepona, Bwana asifiwe," Becky alilia mpaka Muiruri akampa kitambaa chake.

Mchana huo nyumbani kwa Wangare kulikuwa na wageni wa kumpongeza, na kila aliyeingia alimshika mkono na kumwambia amekuwa taa ya kanisa. Wangare aliwapakulia wote. Kila sifa ilimwingia kama deni, kwa sababu yeye alijua kwamba hajapona, ana hamu tu, na hamu hiyo sasa ilikuwa imeharamishwa mbele ya umati. Hangeweza tena kumwambia mtu yeyote kwamba anatetemeka. Akaenda kwenye sanduku la vyombo.

Becky alimwachia mtoto akaenda kuteka maji. Aliporudi alimkuta mama yake amelala ameegemea ukuta wa jikoni, mdomo wazi, na Kui amesimama peke yake, amejishikilia kwenye kigoda kando ya jiko, mkono mwingine akiunyoosha kwenye mfuniko wa sufuria inayochemka. Alimnyakua. Hakuungua. Lakini Becky aliinusa pumzi ya mama yake, na hakuhitaji kuuliza.

Wakati huo Becky alikuwa mjamzito tena, na daktari alikuwa amemwambia ni msichana. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na ndiyo maana Kui ni Kui. Wa pili huchukua la mama ya mama. Huyu angeitwa Wangare.

"Mum, jina lako nitampa," Becky alisema, akiwa amemfunga Kui mgongoni tayari kuondoka. "Hiyo ni mila, siwezi kuikataa. Lakini hutamshika. Umenisikia? Jina ndio, mikono hapana."

"Becky, nisamehe, nilichoka tu..."

"Ungeniambia umekunywa, singekuachia mtoto. Basi! Kwani ningekumeza? Lakini umesimama mbele ya watu wote ukasema umepona."

Wakaondoka. Wangare akabaki na sufuria za kuosha, akaziosha zote, na kwa mara ya kwanza tangu Ndung'u afe, akaogopa.

Ukitaka daktari wa ng'ombe Bahati utaonyeshwa watatu kabla hujamaliza sentensi. Lakini ukitaka mtu wa kumwambia kwamba unakunywa asubuhi na huwezi kuacha, utaulizia wapi? Na Wangare angemwendea nani ambaye hajawahi kula chakula chake?

Alianza kwa Mama Pasta, kwa sababu alikuwa amesomea ushauri kidogo. Akaenda na chapati, maana kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Mama Pasta akafurahi, akaita watoto, chai ikawekwa, chapati zikasifiwa moja baada ya nyingine. Kufikia wakati wa maombi Wangare alikuwa ndiye anayemimina chai kwenye nyumba isiyo yake. Akarudi nyumbani na lile alilolibeba moyoni likiwa palepale, pamoja na ombi la kupika mkutano wa akina mama.

Akajaribu simu. Alikaa kitandani akaandika kwa kidole kimoja maneno ambayo hakuwahi kumwambia binadamu, simu ikamletea picha za washauri wanaotabasamu. Akachagua msichana mmoja wa Nakuru mjini, Natalie, kwa kuwa alionekana mpole. Alikuwa mpole kweli. Ofisi yake ilikuwa na maua na kiti laini. Wangare aliingia na hotipoti ya mukimo. Natalie hakuwa amepata kifungua kinywa.

"Mathe! Hii mukimo umeitoa wapi?" alisema baada ya kijiko cha kwanza.

"Ni mimi nimepika. Kula, binti yangu, umekonda."

Natalie alijitahidi. Alipomaliza kula alifuta mdomo, akauliza vizuri kabisa ni nini kilichomleta, naye Wangare akasema ni presha, na usingizi, na kwamba binti yake hampigii simu siku hizi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa njia ya kuzunguka nyumba bila kuingia. Mwishowe Natalie akamwambia kwa aibu kidogo kwamba ruracio yake, sherehe ya mahari, inakaribia, wazazi wa mchumba watakuja na watu wengi, na je, anaweza kupika? Wangare alienda kutafuta dawa akarudi na kazi. Kosa halikuwa la Natalie. Mgeni unayemlisha humwambii shida zako, na Wangare alikuwa hodari wa kumgeuza mtu yeyote kuwa mgeni wake.

Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka mtaa wa Rhonda, kwa Odongo, anayekodisha mahema na sufuria kubwa. Walijuana miaka mingi, tangu Odongo akiwa mtu wa kubebwa kurudi nyumbani. Siku hizi kila sherehe alikaa pembeni na soda yake, akitaniwa kwamba atakufa kwa sukari. Wangare aliinua mfuniko wa sufuria kuukagua, mkono ukatetemeka, mfuniko ukaanguka sakafuni kwa kelele. Akauinua. Ukaanguka tena.

Odongo hakucheka. Alichukua mfuniko, akaifunika sufuria mwenyewe.

"Mama Becky," alisema polepole, "hiyo mkono naijua. Nilikuwa nayo."

Mara ngapi mtu ameomba kufunguliwa mlango, na ukifunguliwa anajifanya anapita tu! Wangare alikaribia kusema ni baridi. Badala yake alimuuliza, bila kumwangalia, "Wewe uliacha aje?"

"Mimi sijaacha, mathe. Mimi huwa naacha. Leo nimeacha, kesho tena nitaacha." Akatoa simu. "Kuna jamaa mshauri anaitwa Kimaiyo. Ni mtu wa huko Mogotio, hajui mtu Bahati. Ofisi yake iko juu ya duka ya dawa ya mifugo. Ukipanda ngazi watu watadhani unatafutia kuku dawa."

Wangare alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya siku nyingi, na alipomaliza kucheka alikuwa na machozi.

Alipanda ngazi hizo Jumatatu, na bila shaka alikuwa na hotipoti. Kimaiyo alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, sweta yake imetoka nyuzi kwenye kiwiko. Alipokea hotipoti kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka dirishani na kurudi kukaa.

"Si uile ikiwa moto," Wangare alisema.

"Itakaa hapo, Mama. Ukienda utaenda nayo."

Hakuna mtu aliyewahi kumkatalia Wangare chakula. Damu ilimpanda. "Kwani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, inanukia mpaka naumia. Lakini nikikula nitakusifu, na nikikusifu hutaniambia kitu." Akachukua thamosi, akamimina chai, akasimama akamletea. Wangare akainuka kumsaidia. "Keti, Mama," alisema. Akakaa, ameshika kikombe kwa ncha za vidole, kama amepewa mtoto wa watu.

Kimaiyo akamuuliza anakunywa kiasi gani, naye, labda kwa hasira, akasema ukweli. Kimaiyo hakushtuka. Alimwambia kwanza aende hospitali, kwa sababu mwili uliozoea pombe kila siku haukatwi ghafla, unaweza kumwangusha mtu kwa kifafa, na daktari ndiye anayejua namna ya kuushusha. Wangare akaonja. Chai ilikuwa nzuri.

"Ni nani alikupea chai mara ya mwisho?" Kimaiyo aliuliza.

Wangare alifikiri. "Ni mzee wangu. Kila Jumapili. Alikuwa anaichoma, inanuka moshi, na mimi nakunywa tu." Akatabasamu. "Alifariki."

"Pole sana. Na matanga yake ni nani alipika?"

"Si ni mimi."

"Na wewe, nani alikupakulia?"

Wangare aliweka kikombe chini. Akasimama, akachukua hotipoti yake dirishani, akatoka bila kufunga mlango. Chini, mwenye duka akamuuliza kama amepata dawa ya kuku. "Kuku wamekataa dawa," alisema, akaondoka mabega yakiwa juu. Njia nzima alimtukana Kimaiyo moyoni, sweta yake na viwiko vyake, na mtu wa Mogotio ana haki gani ya kuuliza habari za matanga ya watu.

Lakini alirudi. Mtu angeweza kumaliza maisha yake vizuri kwa kutorudi, akaendelea kusifiwa pilau mpaka ini likatae. Wangare alirudi wiki iliyofuata, na mimi nasema huo ni ujasiri kuliko ule wa kusimama kanisani. Kabla ya kurudi alienda hospitali. Nesi aliyempokea akamtazama, uso ukang'aa: "Si wewe ndiwe ulipika harusi ya kina Mbugua?" Foleni nzima ikageuka. Wangare alihisi mlango uleule wa zamani ukifunguka, wa kusema ndiyo, akaongea mapishi, akasahau kilichomleta. Akavuta pumzi.

"Ni mimi," akasema. "Na nimekuja kwa sababu ya pombe."

Nesi hakupiga makofi. Alisema, "Kuja huku, Mama," akamwekea kiti.

Vidonge vya daktari vilimpitisha siku mbaya. Zilizobaki zilikuwa za Kimaiyo. Kila Jumatatu alipanda ngazi zile, na kwa majuma mengi hotipoti ilipanda naye, ikakaa dirishani, ikashuka naye. Wakati mwingine waliongea saa nzima, wakati mwingine alilalamika tu juu ya bei ya viazi mpaka muda ukaisha. Siku moja alimwambia Kimaiyo kwamba anataka kumwandikia Becky kuwa amepona.

"Usimwandikie hivyo," Kimaiyo alisema. "Hiyo alishasikia, na aliisikia na maikrofoni. Mwambie tu vile siku yako imekuwa."

Basi akaanza kumwandikia. Hizo jumbe ningeziweka kwenye fremu kama zingekuwa zangu. "Becky, leo nimekaa sawa." "Becky, leo imekuwa ngumu lakini sijaonja." "Leo nimemwota baba yako ana unga kichwani." "Kimaiyo hataki nimbebee chakula, nimemkasirikia." Alama zilionyesha kwamba Becky amezisoma. Hakujibu hata moja. Wangare aliendelea kuandika, na kila Jumapili alimkatalia mchungaji aliyetaka asimame tena mbele. "Bado, pasta," alisema. "Wacha nikae nyuma kidogo." Wengine walianza kunong'ona kwamba amerudi nyuma kiroho. Aliwasikia.

Kisha akafa mzee mmoja wa kanisa, na Wangare hangeweza kukosa. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba atafika jua likishatoka, lakini usiku hakulala kwa kuwaza kuni mbichi, na alfajiri akajikuta hapo. Baridi ilikuwa ileile. Kikombe kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia, na kabla hajakinusa mwili wake ulikuwa umeshajua. Akakinywa. Akanywa na kilichofuata. Halafu akapika vizuri sana, akapakulia watu wote, akasugua sufuria, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Hakuna aliyejua. Angeweza kulizika jambo hilo pamoja na yule mzee. Becky alikuwa karibu kujifungua, na Wangare alikuwa na miezi mizuri ya kuonyesha. Kwa nini aivunje kwa vikombe viwili?

Jumatatu alipanda ngazi mikono ikiwa mitupu. Hakuwa ameamua, hakuwa tu na nguvu ya kupika. Kimaiyo alitazama mikono hiyo kabla ya kumtazama usoni.

"Leo sina kitu ya kukupea," Wangare alisema. "Jumamosi nilikunywa."

Kimaiyo akamimina chai, akamletea, na safari hii Wangare hakuinuka. Aliipokea. Akainywa, na katikati ya kikombe akaanza kumlilia Ndung'u, kwa sauti ileile ya kuita watu wa ng'ambo, mpaka mwenye duka la chini akapanda ngazi kuuliza kama kuna usalama. Kimaiyo akamwambia kuna usalama. Wangare alilia kilio chote ambacho siku ya mazishi alikigeuza pilau, na alipomaliza alisema ana njaa.

Ila ujumbe wa Becky ulimshinda. Aliuandika na kuufuta. Aliandika "leo nimekaa sawa", ambayo siku hiyo ilikuwa kweli, na aliona jinsi ukweli mdogo unavyoweza kuficha ule mkubwa. Akaufuta huo pia. Siku zikapita bila ujumbe wowote.

Kisha simu ikalia, na jina lilikuwa la Becky.

"Mum," sauti ilikuwa imechoka. "Mtoto amekuja jana. Ni msichana."

"Mungu asifiwe. Na wewe, uko sawa?"

"Niko sawa." Nyuma yake sauti ndogo mpya ikalalamika. "Umeacha kuniandikia. Mum, uko sawa?"

Swali hilo lina jibu moja tu kwetu, na hulitoa hata aliyevunjika mguu. Niko sawa. Ni maneno mawili, na mlango wa Longonot ungefunguka. Wangare aliutazama mkono wake wa kushoto, ulikuwa umetulia kwenye goti.

"Sikukuandikia kwa sababu nilianguka," alisema. "Kwa matanga ya mzee Kipsang. Vikombe viwili. Nikaenda nikamwambia Kimaiyo. Tangu hiyo siku sijaonja, lakini nilikunywa, Becky. Nimeona ni afadhali uambiwe na mimi."

Wangare alingoja. Hakujitetea, hakuahidi, hakutaja baridi. Alisikia mlango ukifungwa kule, na mtoto akitulizwa, na akajua kwamba huenda ndiyo amejinyima mwenyewe kile alichokihangaikia miezi yote.

"Kuja," Becky akasema hatimaye.

"Nije?"

"Kuja kesho. Na usibebe kitu, Mum. Hata njahi. Mama ya Muiruri ameshapika. Wewe kuja tu."

Mtu asiyemjua Wangare hawezi kufahamu safari hiyo ilivyokuwa. Mwanamke wa Kikuyu kwenda kuona mjukuu mwenye jina lake bila njahi, maharage meusi ya mzazi, bila uji, bila hata ndizi! Aliuona mlima Longonot kwa mbali na mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiweka kwenye mapaja, akaikunja, akaificha chini ya leso ya heshima. Ya kazi alikuwa ameiacha nyumbani.

Muiruri alimpokea mlangoni. Kui, ambaye sasa alikimbia, alimtazama kutoka nyuma ya mguu wa baba yake. Becky alikuwa kitandani, uso umevimba kidogo, na alimwangalia mama yake kwa muda mrefu, kwanza macho, kisha mikono.

"Kaa, Mum," alisema.

Wangare alikaa. Becky akamwekea mtoto mikononi, taratibu, na hakuondoa macho yake hata kidogo. Wangare mdogo alipiga miayo. Wangare mkubwa alimshika tu, na mikono yake haikutetemeka.

Mama ya Muiruri akaingia na sahani ya njahi iliyopondwa na ndizi, moto moto, akaiweka karibu na Wangare na kijiko kando yake. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, lakini kila mtu hapo alijua mgeni huyu ni nani, na alisimama ameshika aproni. Wangare akachukua kijiko kwa mkono ulio huru, akaonja.

"Mama Becky, chumvi imetosha?" mama ya Muiruri aliuliza.

Wangare alitafuna polepole. Akamtazama bintiye, akamtazama mtoto.

"Haijatosha," alisema. "Lakini mimi sisimami."

Becky alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Mama yake aliimaliza sahani yote, akaomba nyingine.